Kumvalisha Venusi

Malalbergo, 3 Machi 1652

Mama,

Nimefika salama. Mashua ya mfereji ilikwama kwenye matope, wanaume wakashuka kuisukuma huku wakitoa matusi ambayo ungeniziba masikio nisiyasikie, lakini nimefika na sanduku la rangi halikulowa. Nimepewa chumba karibu na cha wafua nguo. Kitanda kina blanketi nzito, na ufunguo wa mlango ninao mwenyewe. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza.

Sasa sikia kazi yenyewe. Tulidhani Bwana Lodovico ananiitia dari lililopasuka. Sivyo. Anaoa mwishoni mwa Mei, na mjomba wa bibi harusi ni askofu, naye atakuja kuibariki nyumba chumba kwa chumba. Katika chumba cha maharusi, juu ya kitanda, kuna Venusi, yule mungu wa kike wa mapenzi wa watu wa kale. Amelala ubavu juu ya shuka jeupe, mkono mmoja chini ya kichwa, na mwilini hana hata uzi.

Bwana Lodovico alinionyesha huku yeye akitazama dirishani.

“Mvalishe,” akasema.

“Nimvalishe vipi, bwana?”

“Kama mtu.”

Nikamuuliza kwa nini hakumwita mchoraji mwanamume, maana wamejaa tele. Akasema, “Mwanamume angenichelewesha.” Nikajifanya nakohoa nisicheke.

Lakini, mama, shika kiti kwanza. Kanisa dogo la ukoo linahitaji picha ya altare, na askofu akiridhika kazi hiyo itakuwa yangu. Kwa jina langu, Ersilia, si “binti wa marehemu Gaspare.” Niombee. Na usisuke shela zako gizani, macho hayanunuliwi.

Mwanao,
Ersilia

*

Bologna, 8 Machi

Mwanangu,

Nimepata barua yako, namshukuru Mungu. Kikohozi hicho ulichojifanyia kisije kikawa cha kweli, huko kwenye madimbwi ya kuloweka katani kuna ukungu mbaya. Kwaresima ni Kwaresima, lakini samaki wa mfereji usile. Wanakula nini wao? Fikiria mwenyewe.

Huyo Lodovico ni mwana wa marehemu Bwana Ercole? Si kwamba nina haja ya kujua.

Kuhusu kazi, ifanye vizuri na uifanye haraka. Mvalishe huyo mwanamke. Mvalishe nguo nzito, mikono mirefu, kola mpaka shingoni, na ukiweza mpe na kitambaa cha kichwani. Chora nguo tu. Huna sababu ya kukaa unamkodolea macho usoni, uso hauvalishwi.

Mama Pellegrina anakusalimu. Tangu awe mkuu wa chama chetu cha Mtakatifu Marta amekuwa mkali kama siki. Jumapili alimrudisha nyumbani mke wa mwokaji kwa sababu shela lake lilikuwa jepesi. “Tunaosha maiti hapa,” akamwambia, “hatuendi ngomani.” Nilipomweleza kuwa mwanangu amepewa kazi ya kumfunika mpagani aliye uchi, alifurahi mpaka akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono.

Usiniaibishe.

Mama yako,
Taddea

*

Malalbergo, 14 Machi

Mama, mama, mama!

Ni ya baba!

Hapa wote wanasema Venusi huyu ni kazi ya Bwana Fulgenzio, na kweli jina la Fulgenzio liko pale chini kwenye kona. Lakini jana niliishusha picha ukutani niifute vumbi, nikaisogeza kwenye mwanga, moyo ukanilipuka. Chini ya ngozi, kwenye vivuli vya shingo na kwapa, kuna rangi ya udongo wa kijani, imepakwa kwa mistari ya kukatana, kulia kushoto, kulia kushoto. Nani mwingine anafanya hivyo? Mimi, kwa sababu baba ndiye aliyenishika mkono. Fulgenzio alikuwa anapaka vivuli kama anayesiliba ukuta. Baba alikuwa fundi kwenye karakana yake wakati ule, siyo? Mzee akaweka jina, baba akafanya kazi.

Tulidhani hakuna kazi yake kubwa iliyobaki duniani. Nimekaa sakafuni mbele yake nikalia kama mtoto.

Kwa nini hukuniambia kulikuwa na picha kama hii? Au hukujua?

Mama yake Bwana Lodovico, Bibi Isotta, aliingia akanikuta na machozi. Ni mjane, mnene, ana ulimi kama wembe, anatembea na fimbo asiyoihitaji, ya kugongea watu milango. Akasema, “Binti, umeanza kumlilia kabla hata hujamharibu?” Nikasema ni vumbi. Akaniambia picha hii ililetwa kwa harusi yake, wiki ya karamu kabla ya Kwaresima, mwaka 1628. Rangi ilikuwa bado mbichi na harufu ya mafuta ilimpa kichefuchefu usiku wake wa kwanza wa ndoa. “Au pengine haikuwa mafuta,” akasema, akaondoka.

Nimeanza na nguo miguuni, kitambaa cha buluu. Mkono mzito. Najisikia kama namzika mtu anayepumua.

Niandikie yote unayokumbuka.

Ersilia

*

Bologna, 19 Machi

Ersilia,

Baba yako alichora mengi ili tule. Alichora watakatifu, mbwa wa matajiri, na ishara ya duka la mchinjaji. Siwezi kukumbuka kila kitu.

Maliza kazi, urudi. Altare hiyo ni bahati yako, usiichezee kwa ajili ya picha ya kale. Usiulizeulize watu wa nyumba hiyo. Na huyo Bibi Isotta usikae naye sana.

Nina kazi nyingi. Harusi za Mei zote zinataka shela.

Taddea

*

Malalbergo, 26 Machi

Mama yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako fupi mara nyingi, na sasa nimeelewa. Nisamehe. Nilikuwa nakurukia kama mbwa mdogo, nakuambia “ni ya baba, ni ya baba,” kumbe nilikuwa nakutonesha kidonda.

Mwaka 1628, mama. Ni mwaka niliozaliwa mimi. Wewe ulikuwa mke mchanga mwenye mimba, unasuka shela za watu, na yeye huko karakanani kutwa nzima anamtazama mwanamke huyu. Mchoraji hamchori hivi mtu aliyekodiwa tu. Mimi nafanya kazi hii, najua. Kila mahali mkono wake ulipopita, ulipita polepole. Alimpenda. Na wewe ulijua, ukanyamaza miaka yote hii, ukaniachia nimpende baba yangu bila doa. Kwa hilo nakuheshimu kuliko nilivyowahi kukuheshimu.

Basi sasa namvalisha kwa moyo mmoja! Miguu nimeifunika yote, jana nikapandisha buluu mpaka kwenye nyonga. Na nikuambie ukweli, wala si mzuri hivyo. Nywele za dhahabu, ndiyo, lakini magoti yake ni ya mbeba mizigo. Tumbo limemtoka, mtu angedhani alikula maharage kabla ya kulala hapo. Na usoni ana kicheko kama cha mtu anayejua siri ya jirani. Wewe, mama, pamoja na alama zako za ndui, ni mzuri kuliko yeye mara mia. Sisemi kwa kukufariji.

Baada ya Pasaka namfunika tumbo, nalo tuachane nalo.

Mwanao anayekupenda,
Ersilia

*

Bologna, 30 Machi, mkesha wa Pasaka

Ewe punda wa kike!

Weka burashi chini. Hapo ulipo. Umeshaiweka? Sasa soma.

Magoti ya mbeba mizigo ni yangu.

Hakuna mwanamke mwingine. Hajawahi kuwapo. Maskini baba yako alikuwa hawezi hata kununua samaki bila kuniuliza, angeweza wapi mwanamke wa pembeni? Nilikusudia kufa na jambo hili, lakini siwezi kukuacha umchukie marehemu kwa kosa asilolifanya, tena siku anayofufuka Bwana.

Fulgenzio alikuwa amelala na jongo, hata kijiko hashiki. Picha ilikuwa ya harusi ya Bwana Ercole, na mwanamke waliyezoea kumchora akaolewa na mwanajeshi, akaondoka mjini. Baba yako akarudi nyumbani amekunja uso. “Taddea,” akasema, “nina mungu wa mapenzi asiye na mwili.” Nikamuuliza, “Mimi nina nini, kuni?” Ndivyo ilivyokuwa. Hakunilazimisha, wala hakuniomba. Nilijitolea mwenyewe, na sikuona haya. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa na mume ninayempenda, na mlango ulikuwa na komeo. Kulikuwa na baridi, akavunja kiti chetu kimoja akakichoma ili nisitetemeke. Nilicheka sana siku zile. Hicho kicheko ulichokiona usoni ni kwa sababu alikuwa akichora huku anaimba vibaya.

Nywele za dhahabu alizitunga, ili nisijulikane. Uso ni wangu, uso wa kabla ya ndui. Ulikuwa na miaka miwili ndui iliponipitia, kwa hiyo uso huo hujawahi kuuona. Huna kosa kutoujua.

Na hayo maharage, Ersilia. Hilo tumbo ni wewe. Ulikuwa umeanza kucheza humo. Baba yako alitaka kulipunguza, akasema Venusi hawi na mimba. Nikamwambia, “Ukimtoa mtoto na mimi naondoka.” Akaliacha.

Mimi mwenyewe sikuiona ilipokwisha. Waliichukua na ubichi wake, mimi niko sokoni. Niliporudi nikakuta ukuta mtupu.

Sasa umejua, na unyamaze. Mke wa mtu kuvuliwa nguo na kuchorwa, kisha kutundikwa kwa tajiri, unajua wataniita nani. Na wewe unaishi kwa jina lako. Nani atampa altare binti wa mwanamke kama huyo? Kwa hiyo maliza kazi. Nifunike. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na nne mwenye mgongo mbovu, naitakia nini picha? Chukua altare yako.

Mama yako

*

Malalbergo, 16 Aprili

Mama,

Nimechelewa kujibu kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilicheka, kisha nikalia, kisha karatasi ikaharibika.

Sikukutii. Sikukufunika. Nimekufunua.

Buluu ilikuwa imeanza kushika. Nimeitoa kwa pamba na tapentaini, kidogo kidogo, napumzika kila mara, naomba kila mara, maana ukikosea kidogo unatoa na ya chini yake. Nyonga zimerudi salama. Magoti yamerudi. Nimeyaomba radhi. Lakini kwenye mguu wa kushoto pamba ilichukua zaidi ya buluu, na vidole vimeondoka. Vidole vyako, mama, kazi ya baba. Nilitaka kujitupa mferejini.

Bwana Lodovico akaja kuangalia kazi, akakuta mwanamke yuko uchi kuliko alipomwacha.

“Nilisema avalishwe!”

“Siwezi, bwana.”

“Huwezi au hutaki?”

“Vyote.”

“Sababu?”

Ningesema nini? Akaniambia yuko mchoraji mjini Ferrara asiyehitaji sababu, na kama sina la kusema, ataitwa. Akija, atakuvalisha kwa burashi ya ufagio, na altare itakuwa yake. Altare naiaga. Nimeshafikiria, na inaniuma, lakini si kama nilivyodhani. Picha ninazoweza kuchora ni nyingi. Hii moja siwezi kuichora tena.

Anayeweza kumzuia ni Bibi Isotta peke yake. Ananitazama siku hizi mezani kama paka. Jana akasema, “Binti, una neno limekukaa kooni. Liteme kabla halijakuua.” Lakini neno si langu, ni lako. Siwezi kulisema bila ruhusa yako, na nikilisema litatoka nje ya nyumba hii, mpaka Bologna, mpaka kwa Mama Pellegrina. Ukisema hapana, nitafunga sanduku langu nirudi, na sitakulaumu hata siku moja.

Niambie.

Ersilia

*

Bologna, 20 Aprili

Mwanangu,

Nimetembea na barua yako kifuani siku mbili. Nimeshindwa kusuka, nyuzi zinakatika.

Nimejiuliza naogopa nini hasa. Kwamba chama kitanifukuza? Wakinifukuza, nikifa nani ataniosha? Hilo ndilo nililokuwa naogopa, usicheke. Kisha nikafikiri, huyo wa Ferrara akija na ufagio wake, baba yako atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyeruhusu.

Sema. Sema jina langu, lakini sema na lake.

Na uvae lile gauni la kahawia siku utakayosema, unaonekana mtu mwenye akili ukilivaa.

Taddea

*

Malalbergo, 2 Mei

Kwa Bibi Taddea, mjane wa Gaspare, mchoraji, Bologna

Bibi,

Hatujuani, lakini mimi nimelala chini ya macho yako miaka ishirini na minne, kwa hiyo niruhusu nikuandikie bila kubisha hodi.

Binti yako alisema yote wakati wa chakula, mbele yangu na mwanangu, amesimama, amevaa gauni la kahawia. Mwanangu Lodovico alikuwa na kipande cha jibini mdomoni, akakisahau humo. Nilingoja akasirike. Unajua alichosema?

“Kwa hiyo si ya Fulgenzio?”

“Si ya Fulgenzio,” binti akasema. “Ni ya baba yangu, Gaspare.”

“Gaspare nani?”

Binti akainamisha kichwa. Mimi nikaona mlango umefunguka, nikaupitia. Nikamwambia, “Lodovico, sikia. Ulidhani una Fulgenzio, kumbe una picha ya fundi asiyejulikana, vidole vimeng'oka, na askofu yuko njiani. Nipe mimi mama yako, ikuondokee.” Akasema, “Ichukueni leo hii,” kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwa hiyo bibi, sasa unaning'inia chumbani kwangu. Askofu haingii chumba cha mjane. Akiingia, picha haitakuwa kashfa kubwa kuliko zote.

Sasa nikueleze jambo langu. Nililetwa nyumba hii nikiwa na miaka kumi na sita, simjui mume, simjui mtu. Wakaniambia nikuangalie wewe ili nizae watoto wazuri. Nilikuchukia. Nilifikiri, huyu anacheka nini? Ananicheka mimi. Kisha nikashika mimba, nikawa naogopa kufa, maana mama yangu alikufa kwa uzazi. Siku moja nimelala pale natapika, nikakutazama vizuri, nikamwambia mkunga, “Huyu mungu ana mimba.” Mkunga akasema ni homa. Daktari akasema ni mtindo wa wachoraji. Mume wangu akasema nisitukane kitu cha thamani. Lakini mimi nilijua. Tumbo lile halikuwa la kushiba. Na kwa sababu wewe ulikuwa na mimba na unacheka, nikaona labda na mimi sitakufa. Nimezaa watoto watano nikikutazama, na mmoja niliyempoteza nilikulilia wewe kabla ya mtu yeyote. Sikujua kuwa una jina.

Mezani, binti yako alipofika mahali pa tumbo, niliigonga meza kwa fimbo yangu mpaka bilauri ikaanguka. “Nilisema!” nikapiga kelele. “Nilisema mimi!” Nadhani walidhani nimepagawa. Kisha nikamtazama huyo msichana, mrefu, mikono ya rangi, nikamwambia, “Kumbe ni wewe! Miaka yote hii nilikuwa nakungoja uzaliwe.”

Altare amepewa mtu wa Ferrara. Sikuweza kuizuia, mwanangu ni mkaidi kama baba yake. Lakini ukuta wa chumba cha maharusi uko wazi sasa, na bibi harusi ameniandikia kuwa angependa Venusi aliyevaa nguo tangu mwanzo, si aliyevalishwa kwa hofu. Binti yako atamchora, na ataweka jina lake. Na kwenye picha ya zamani nimemwambia aandike jina la baba yake pembeni ya lile la uongo. La uongo tumeliacha, lichekwe.

Limebaki neno la mguu. Ersilia anakataa kuvichora vile vidole kwa kukisia. Anasema Gaspare hakukisia. Njoo, bibi. Njoo na mguu wako wa kushoto, na huo mwingine uje nao. Kuna kiti karibu na moto, na mimi nina maswali mengi.

Isotta

*

Bologna, 9 Mei

Mwanangu Ersilia,

Barua ya Bibi Isotta nimeipata. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeketi, kisha nikatoka nje nikazunguka mtaa wote wa wasukaji bila kujua ninakwenda wapi. Mwambie nitamjibu kwa mdomo, kalamu yangu haitoshi. Huyo mtoto aliyempoteza, muulize jina lake, nataka kumwombea.

Sasa sikia ya hapa. Nilijua habari zitafika, mashua za mfereji zinabeba umbea kuliko katani. Nikaona nisingoje kufukuzwa. Jumapili baada ya ibada, tulipokuwa tunakunja shuka za chama, nikamwambia Mama Pellegrina mbele ya wote, “Yule mpagani aliye uchi, ambaye mwanangu alikwenda kumfunika, ni mimi.” Nikaeleza. Si yote, lakini kiti kilichochomwa nilikieleza, na tumbo nilieleza.

Shuka limebaki hewani, mimi nimeshika ncha hii na mke wa mshona viatu ameshika ile.

Mama Pellegrina akanitazama juu mpaka chini, kama anayepima maiti. Akasema, “Wewe? Uchi?”

“Mimi.”

“Na mume wako mwenyewe ndiye aliyechora?”

“Mume wangu wa ndoa.”

“Na picha inaonyesha ulivyokuwa kabla ya ndui?”

“Ndivyo wasemavyo. Mimi sijaiona.”

Akakaa kwenye benchi. Mimi nikaanza kuvua shela la chama nimrudishie. Akanipiga kofi mkononi. “Acha hilo,” akasema. Kisha, mwanangu, Mama Pellegrina, yule aliyemfukuza mke wa mwokaji, akaanza kulia. Akasema marehemu mume wake hakuukumbuka uso wake hata alipokuwa hai. Akasema yeye alikuwa na shingo nzuri sana zamani, na hakuna mtu duniani aliyebaki anayejua. Mke wa mshona viatu akasema yeye alikuwa na nywele za kufika kiunoni. Basi kila mmoja akaanza kutaja chake, mabega, meno, kiuno, tukawa pale kama wachuuzi sokoni, na shuka za maiti zimetuzunguka magotini. Sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya kanisa.

Kwa kifupi, hawanifukuzi. Wanakuja. Mama Pellegrina amekwisha kukodi mashua ya Jumatatu, amemtisha mwenye mashua mpaka amepunguza nauli. Hakuna hata mmoja anayekubali kubaki. Mwambie Bibi Isotta atafute viti, na amfiche mwanawe asije akazimia. Mguu wangu nimeusugua na jiwe, ingawa naona vidole vimepinda zaidi ya vile vya 1628. Utavichora vipi, hilo ni lako. Usivinyooshe.

Jana jioni Mama Pellegrina alikuja mlangoni kwangu na jambo moja linalomsumbua. Aliuliza kama kwa safari kama hii inafaa tuvae shela zetu nyeusi za chama, zile nzito, au tuziache nyumbani.

Nikamwambia tuvae wote. Aliye uchi mmoja anatosha.

Mama yako,
Taddea